Waliokosekana Kwenye Trei

Adhiambo mwanangu,

Umeenda kanisani kuwaaga wenzako wa kwaya, na mimi nimebaki hapa mezani nikilitazama begi lako mlangoni. Umelipanga na kulifunga ingawa sijakwambia ndiyo. Nitaiweka barua hii chini ya kikombe chako ili uisome ukirudi, kwa sababu nikijaribu kuyasema haya kwa mdomo tutagombana kabla sijafika katikati.

Habari za sweta, za maji ya kuchemsha na za kupiga simu kila Jumapili sitaziandika. Nimezisema mpaka juzi ukaniuliza kama nimezirekodi.

Nataka kukuandikia juu ya Bwana Rotich. Kesho asubuhi gari lake litakuja kukuchukua ukakae mwaka mzima kwenye kambi yake kule misitu ya Cherang'any, ukimtafutia na kumpangia mbawakawa wa pembe ndefu. Una kitambulisho chako, na kisheria hunihitaji. Lakini uliniambia hutaki kuondoka kama mtoto aliyetoroka, kwamba unataka nikuambie nenda kwa mdomo wangu. Neno hilo limenishinda kwa wiki tatu sasa. Na tangu Jumamosi ile niliyomwita nyumbani kwa chai, umekuwa ukinijibu "ndiyo Mama" na "hapana Mama" kama mtu anayemjibu karani wa sensa. Hujaniuliza kwa nini nilimfanyia vile. Nitakuambia hata hivyo.

Unajua nilivyoanza kazi. Nilikuwa nimetoka shule juzi tu, msichana wa kutii, vitabu vyangu vyote vimefunikwa kwa gazeti na jina limeandikwa kwa rula. Kituo cha utafiti kilitaka mtu wa kuandika lebo za wadudu, herufi ndogo kama miguu ya sisimizi, na mwandiko wangu ndio ulionipa kazi. Lebo yenyewe umeizoea tangu utotoni: mahali, tarehe, mti aliotoka, jina la aliyemshika. Kwanza niliiona kama urembo. Mzee Wafula, aliyekuwa mkubwa wetu katika chumba kile, alinifundisha kwamba mdudu asiye na lebo ni takataka yenye miguu sita.

Nilipendwa kwa usafi. Droo zangu zilinyooka. Sasa mwaka wa pili tukaambiwa kuna wageni wanakuja kukagua, na Mzee Wafula yuko likizo kwao Bungoma. Nikaambiwa nipange droo moja ya mbawakawa wa nyanda zetu za juu, ipendeze. Nikachukua wale wa pembe ndefu tuliokuwa nao kwa wingi, waliokusanywa kwa miaka mingi na mikono mingi. Walikuwa fujo. Wengine wakubwa kama kidole, wengine wadogo kama punje ya mahindi. Wengine wana mistari ya njano mgongoni iliyokoza, wengine weusi kabisa, na katikati yao kulikuwa na wale wasioeleweka, nusu mstari nusu weusi, wamepauka, wamevunjika pembe, mguu haupo.

Hao wa katikati nikawatoa. Nilisema moyoni kwamba wameharibika. Nikabakiza safu ya wenye mistari upande huu, na safu ya weusi upande ule, na nafasi safi katikati kama barabara. Wageni walipokuja waliisifu droo ile kuliko zote. Mmoja alisema sasa mtu hata asiyesoma anaona hizi ni spishi mbili. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kama mtu aliyepokea mahari ya binti yake.

Mzee Wafula aliporudi alisimama mbele ya droo ile bila kuvua koti.

"Wako wapi wengine?"

"Walikuwa wamechakaa, Mzee. Niliwaweka kando."

"Kando wapi?"

Kando kulikuwa kwenye sanduku la karatasi chini ya sinki, na sisimizi walikuwa wamekwisha kulifikia. Alikwenda akainama, akatazama, akarudi. Hakunigombeza. Alisema, "Droo ikipendeza hivi, mimi huogopa." Nikadhani ni uzee.

Baada ya hapo akaja Mzee Kosgei kutoka Moi's Bridge. Alikuwa mkulima wa mahindi aliyechoka na bei ya mahindi, akapanda kahawa kwenye kipande kilichokuwa karibu na mto. Alikuja na mkebe wa majani ya chai, na ndani mna mbawakawa weusi aliowaokota chini ya mibuni yake. Majani yalikuwa yanakuwa ya njano. Mzee Wafula hakuwepo siku ile pia, alikuwa ameitwa mjini. Nilimkalisha Mzee Kosgei, nikafungua droo yangu nzuri, nikalinganisha. Weusi kwa weusi. Lebo za wale weusi karibu zote zilisema kuni, gogo kavu, mti uliokufa. Basi nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hawa ni wa kuni. Hawaui mti. Wanafuata mti uliokwisha kufa kwa sababu nyingine. Atafute ugonjwa wa majani.

Alinishukuru sana. Aliniita daktari.

Msimu uliofuata alirudi, bila mkebe. Alisema tu kwamba angependa tuje tuone. Tulikwenda, mimi na Mzee Wafula. Mibuni ilikuwa imelala chini, imekatika pale kwenye kifundo, na kila shina lina unga wa mbao umemwagika chini yake kama mahali fundi alipokuwa akipiga randa. Ndani ya mashina kulikuwa na mabuu meupe, manene. Na nje, kwenye shina moja, shina moja Adhiambo, walikuwa wanatembea pamoja wenye mistari, weusi, na wale wa katikati niliowatupa.

Mzee Wafula alimshika mmoja mwenye mistari mizuri. Akalowesha kidole kwa mate, akamsugua mgongoni taratibu. Mstari ukatoka kama vumbi. Chini yake alikuwa mweusi.

"Haya," akaniambia. "Huyu sasa ni spishi gani?"

Ile mistari ni manyoya madogo tu. Mdudu akitoka kwenye mti akiwa mpya anayo yote. Akitambaa, akipita kwenye maganda, akipigana, akinyeshewa, yanapukutika. Wale weusi walikuwa ni walewale, wazee tu, na wadogo wao walikuwa wadogo kwa sababu walikulia kwenye mti mkavu usio na chakula. Lebo zilisema kuni kwa sababu waokotaji wengi waliona rahisi kuokota kwenye kuni. Ushahidi wa yote hayo ulikuwa kwa wale wa katikati, na mimi ndiye niliyewalisha sisimizi.

Mzee Kosgei alitupa chakula. Alituwekea ugali, mboga, na mursik, yale maziwa ya kibuyu, kwenye kikombe cha bati. Nilitaka anifokee. Alisema, "Binti, uliniambia ulichokiona," akanisogezea mboga. Sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile. Nadhani kama angenifokea ningesahau mapema.

Tangu siku ile nikawa mtu wa kushuku. Wewe umekua ukinijua hivyo na unadhani nilizaliwa hivi. Hapana. Nilijifunza. Na kwenye kazi yetu kushuku kulinifaa. Nilishuku mstari, nikashuku ukubwa, nikashuku rangi, nikajifunza kugeuza mdudu na kutazama tumbo, kucha, na jinsi pembe zinavyoungana na kichwa, mahali ambapo hapasuguliki. Nikawa mtu anayeitwa wakati wengine wameshindwa kuamua. Shida ni kwamba ujuzi huo sikuuacha kazini nilipovua koti.

Hapa ndipo panaponiuma kuandika, nami nitaandika upesi.

Baba yako nilimjua Jumamosi na Jumapili tu. Alikuwa fundi wa redio pale mjini, na alikuja kunitembelea akiwa amepiga pasi shati, anacheka, anambebea mama yangu mtungi wa maji bila kuombwa. Siku nyingine sikuzijua na sikuuliza. Nilipanga droo yake mwenyewe, nikaweka zilizopendeza tu. Tulipooana ndipo nikaziona zile nyingine, za pombe na za kukaa kimya wiki nzima ukutani kama picha. Nilistuka. Na badala ya kusema huyu ni mtu mmoja mwenye siku zote hizi, nikaona nimedanganywa. Alipotuacha akaenda Kisumu ukiwa na miaka mitatu, niliipanga droo upya. Safari hii nikatoa siku nzuri zote, nikabakiza zile mbaya, zimenyooka, na hiyo ndiyo droo niliyokuonyesha wewe maisha yako yote kila ulipouliza baba alikuwa mtu gani.

Kwenye mazishi yake Ugenya mwezi uliopita, dada yake alinivuta pembeni. Aliniambia kila Januari baba yako alikuwa akimuuliza uko darasa la ngapi, na akiambiwa alikuwa akilirudia darasa hilo kwa watu siku nzima, "wangu yuko la nne", "wangu yuko la tano". Sikuwahi kukuambia. Nilijiambia kwamba dada yake anapamba maiti. Labda alikuwa anapamba. Lakini kumshuku yule dada kulikuwa rahisi kwangu, na siku hizi kitu kikiwa rahisi kwangu hivyo najiuliza maswali.

Sasa Bwana Rotich.

Ulikutana naye nikiwa huko huko mazishini, ambako ulikataa kwenda kwa sababu ya droo niliyokuonyesha. Alikuja kituoni kulinganisha wadudu wake na wetu, akakukuta ukinishikia kazi ya kupanga wakati wa likizo, akakuona unavyotumia koleo na jinsi unavyosoma lebo kabla ya kumtazama mdudu, akakupa kazi. Niliporudi mlikuwa mmekwisha kukubaliana. Nyumba nzima ilikuwa imejaa Bwana Rotich. Bwana Rotich amesema hiki, Bwana Rotich ana hema za namna ile.

Nilimshuku kabla sijamwona. Kwanza gari lake halina maandishi. Pili ana adabu nyingi mno kwenye simu. Mama Cheptoo wa hapo jirani naye akanimwagia petroli kwenye moto, akaniambia hao wanaojiita watafiti nusu yao ni mabroka tu, wanatumia watoto wa watu kukwea miti, kisha mbawakawa warembo wanauzwa ng'ambo watu wawatundike ukutani. Nikamuuliza yeye anajuaje. Akasema, "Mama Adhiambo, mimi nauza nyanya, broka namjua kwa viatu."

Ungecheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kitu kama hicho nilikiona. Kabla hujazaliwa alikuja kituoni mgeni mwenye barua zote, mihuri yote, sauti ya upole. Tulimwachia chumba. Alipoondoka, wale warembo walikuwa wameondoka naye, na pini zao zimebaki na lebo tu. Mimi ndiye niliyemwandalia chai. Kwa hiyo niliposikia ofisini kwamba karatasi za Bwana Rotich ziko sawa, hilo halikunituliza hata kidogo.

Ndipo nikaitengeneza ile trei. Nilitumia mbawakawa wangu wa nyumbani, wale waliotoka kwenye gogo la kuni tuliloliweka ndani ya ndoo yenye wavu pale nyuma, unawakumbuka, tuliwaandikia lebo pamoja. Nikawatoa wote wa katikati, nikawaficha kabatini nyuma ya sahani. Nikaacha wenye mistari na weusi. Nilitaka kuona mambo mawili: mkono wake utakimbilia wapi, na kama atakubali uongo uliopangwa vizuri.

Ulikuwa hujui. Kwa hilo nakuomba samahani, kwa sababu ulimkaribisha ukiwa na furaha na mandazi, nami nilikuwa nimemwekea mtego kwenye meza yako.

Nikamwambia, "Chagua unaowataka, ni zawadi." Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwa yule mkubwa mwenye mistari mizuri kuliko wote. Nilikutazama nikimaanisha umeona? Wewe ukatazama dari.

Lakini alimshika kwa pini, hakumgusa mgongo. Akampeleka dirishani. Akamrudisha, akachukua mweusi, akamgeuza tumbo juu, akakaa naye muda mrefu mpaka chai ikafanya utando. Akasoma lebo moja, akasoma nyingine. Unakumbuka alivyouliza?

"Mama, hawa wametoka kwenye gogo moja?"

"Lebo inasemaje?"

"Inasema gogo moja, wiki moja."

"Basi."

"Na wale wa katikati wako wapi?"

Nikamuuliza wa katikati gani. Akaiweka trei mezani polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Nisamehe, Mama. Ama mimi sijui kazi yangu, ama kuna mtu ametoa wengine humu."

"Unaniita mwongo nyumbani kwangu?"

"Hapana. Nashuku trei tu."

Ndipo wewe ukasema, "Ma, si umuulize tu kama ni mwizi, akwambie, tumalize chai." Ukaenda jikoni, na vikombe ulivyokuwa ukiosha nadhani majirani wa Langas nzima walivisikia.

Alipokuwa akiondoka alikataa zawadi. Alisema hawezi kuwaweka mbawakawa wa trei ile pamoja na wake, watadanganya hesabu yake. Alisema kwa heshima, akainamisha kichwa. Ulidhani nimeaibika, na kwamba nitakubali siku hiyohiyo. Niliaibika. Lakini nilipolala nikafikiri: mwizi mjanja naye angekataa zawadi. Mtu aliyesomea kazi hii anaweza kujua wa katikati wako wapi na bado akawa broka. Kujua kazi ni kitu kimoja.

Kwa hiyo jana, uliponiona nimevaa viatu vya kanisani nikakuambia naenda benki, nilikwenda mjini kumtafuta bila taarifa. Amepanga chumba nyuma ya duka moja la vifaa vya ujenzi. Nilimkuta amevaa kandambili, anakula githeri kutoka kwenye sufuria. Alisimama haraka, akanitafutia kiti, akakosa, akageuza ndoo. Nikakaa kwenye ndoo. Nikamwambia sikuja kuzungumza, nimekuja kuona masanduku yake.

Hakuuliza kwa nini. Alifuta mikono, akayafungua.

Adhiambo, ni wabaya. Ni wabaya kama wale niliowatupa. Wasio na mguu, waliosuguka, mmoja ana nusu pembe, mwingine amebanwa na gogo mpaka amepinda. Wenye mistari wapo, wachache, wamechanganywa humo humo kwa mpangilio wa mahali na tarehe bila kupewa nafasi ya mbele. Nilitoa kioo changu cha kukuzia nikaanza kusoma lebo moja moja, na yeye akarudi kwenye githeri yake, akaniacha.

Kilichonisimamisha ni jina la mwisho kwenye lebo. Kwenye kituo chetu nimeandika lebo kwa muda mrefu kuliko umri wako, na mahali pa aliyemshika nimeandika jina la mkubwa wa safari, hata pale ambapo mkubwa alikuwa amelala kwenye gari na mimi ndiye niliyekwea mti. Ndivyo ilivyofanywa, na sikuuliza. Kule kwa Bwana Rotich majina yalikuwa mengine. Kimutai. Nafula. Kimutai tena. Chelagat. Nikamuuliza hao ni madaktari gani. Akasema Kimutai huchunga ng'ombe Kapcherop, Nafula alikuwa msaidizi wake mwaka jana na sasa anasoma, na Chelagat ni mama mwenye shamba ambaye huleta mbawakawa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

"Mbona hukuandika jina lako?"

"Si mimi niliyewashika, Mama."

Alisema hivyo mdomo umejaa githeri. Kama angesema kwa kujipanga, ningeondoka.

Nitakuambia yote, maana nimekwisha kukuahidi moyoni kwamba sitakupangia droo tena. Kulikuwa na sanduku moja ambalo hakulifungua. Nililiona chini ya kitanda. Nilipolionyesha, alisema limewekwa dawa kali juzi, kwa sababu ya wale wadudu wadogo wanaokula wadudu wetu, na likifunguliwa sasa dawa itapotea. Inawezekana. Hata sisi tuna sanduku kama hilo kila wakati. Lakini alijibu upesi, na hakulivuta hata nione kifuniko. Nilirudi nyumbani na masanduku yote yaliyofunguliwa kichwani, na hilo moja likiwa juu yao.

Usiku kucha nililipima hilo sanduku. Na leo mchana, nikikutazama unavyokunja nguo, nikaona ninachokifanya. Nilikuwa natoa yale niliyoyaona kwa macho yangu, nabakiza lile moja nisiloliona, ili niwe na sababu safi ya kukukatalia. Nakiri kwamba ninaitaka sababu hiyo. Nyumba hii bila wewe itakuwa na kikombe kimoja mezani, na mimi siogopi mbawakawa wala broka kama ninavyokiogopa kikombe hicho. Hilo halimfanyi Bwana Rotich kuwa mtu mzuri. Halimfanyi kuwa mbaya pia.

Ukweli ni kwamba simjui. Nimemwona mara mbili, mara moja nikiwa nimemtega na mara moja nikiwa nimemvamia. Hayo hayatoshi kumtambua mtu. Wewe utamwona akiwa amelowa na ana njaa, gari limekwama kwenye matope, wasaidizi wamekasirika, amekosea na anajua amekosea. Utamwona akisifiwa na wageni, na hapo mtazame sana, tazama ataitaja kazi ya nani. Waangalie na wale wengine wa kambini vivyo hivyo. Usitupe siku ambayo haifanani na zile nyingine kwa sababu inakuharibia picha uliyokwisha kuipenda. Na usiibakize hiyo peke yake kwa sababu inakuogopesha. Fanya hivyo hata kwangu. Nina siku zangu za trei, na nimekuwa na siku nyingine pia, ukizitafuta.

Kisha, ukishamwona vya kutosha, niambie ni mtu gani. Sitakuhoji. Ukisema ni broka, nitapanda huko Cherang'any mwenyewe na viatu vya kanisani nikuchukue. Ukisema ni mtu wa kweli, nitamwomba radhi mbele yako, na unajua jinsi hilo litakavyonigharimu, kwa hiyo usiliseme upesi. Utambuzi ni wako sasa. Nitauamini kuliko wangu.

Kesho likisikika gari nje, mlango nitaufungua mimi. Nitamsalimia vizuri. Nitamwangalia pia, usinivute nguo kwa nyuma. Na kabla hujatoka nitakuambia neno lile kwa mdomo wangu, kama ulivyotaka, Mama Cheptoo akiwa pale pale barazani asikie. Naliandika hapa kwanza ili mdomo ujizoeze.

Nenda, Adhiambo. Na ukiandika lebo ya kwanza, mahali pa aliyemshika, andika majina yako yote matatu. Andika na la baba yako.

Mimi ninayekuamini, hata siku nisizoonekana hivyo,
Mama yako